Jumapili Utakaa na Nani

Keji mwanangu, binti mwenye kichwa kigumu kuliko jiwe la kusagia,

Uko hapo nje kwa jirani unasukwa nywele. Kila unywele ukivutwa nakusikia ukifyonza. Vumilia, barabara ya Nimule ina vumbi, na shangazi yako Rosi ameapa hatavuka mpaka na mtu mwenye kiota kichwani. Mimi nimeketi mlangoni juu ya ndoo niliyoigeuza, maana leo nyumba yetu haina hata kiti kimoja. Hilo nitalifikia. Nina kalamu yako ya shule uliyoitafuna mwisho kama panya, na jua bado lipo la kutosha kurasa kadhaa. Usinicheke mwandiko. Mimi darasa la sita nilisoma mara mbili, kwa hiyo elimu yangu ni maradufu.

Mambo ya pesa kwenye soksi, maji ya kuchemsha na nani usimjibu kituoni, hayo sitayagusa. Shangazi yako anayasema tangu asubuhi, akifika mwisho anaanza upya kama kwaya. Mimi nakujibu swali lako tu.

Asubuhi, ulipokuwa umekalia begi ili zipu ifunge, ulisema bila kuniangalia, "Baba, mimi nikienda, Jumapili utakaa na nani?" Nikakuambia mwanaume mwenye sura kama hii hajawahi kukosa wa kukaa naye. Hukucheka, na wewe huwa unacheka hata vichekesho vyangu vibovu. Ukasema kama sina jibu la kweli, kesho gari litaondoka na begi peke yake.

Hapo ulinishika pabaya. Ukisema hupandi, hupandi, hiyo naijua tangu ulipokuwa mgongoni kwangu. Na lazima upande. Shule haijafunguliwa tangu walimu walipokimbia. Mitaani hata mchana mtu anatembea akiangalia nyuma, na msichana wa umri wako anaangalia nyuma mara mbili. Na mama yako kule kambini Uganda amekungoja mpaka mdogo wako Tombe anadhani wewe ni simu. Akisikia jina lako anaweka mkono sikioni.

Kwa hiyo nimetafuta jibu, na nimelipata. Ila unanijua, jibu fupi mimi silijui linatengenezwaje. Acha nianzie kwenye viti.

Watu wa miji mingine, nasikia, wanaenda kanisani na Biblia tu. Sisi tunaosali kwenye rakuba, nguzo na paa la nyasi bila ukuta, tunaenda na Biblia mkononi na kiti cha plastiki kichwani. Huhitaji kumuuliza mtu kama ni mwenyeji. Mwenyeji kiti chake kinalala kanisani, stoo, anakikuta Jumapili kikimngoja. Mgeni anakuja na kiti na anarudi na kiti. Kule Gurei, upande wa magharibi wa Juba, tulikuwa wenyeji. Nani hakutujua? Nguzo za lile kanisa nilizibeba mimi, mbili kwa mpigo, moja kila bega, na hapa sizidishi sana. Viti vyetu vinne nilivinunua kwa malipo yangu ya kwanza mazuri ya kupakia mizigo bandarini. Mama yako akavichora kila kimoja ua jekundu mgongoni kwa rangi yake ya kucha. Nikamwambia wanawake wenzako wanapaka vidole, wewe unapaka plastiki. Akasema vidole vyangu haviibwi.

Halafu vita vikaja upande ule wa mji. Uliviona kwa macho yako, sitakuandikia. Mama yako akavuka na Tombe pamoja na majirani. Wewe ulikuwa na mtihani wa darasa la nane mbele yako, mimi nilikuwa na bandari, tukahamia chumba hiki cha Kator. Nilimwambia mama yako mwezi mmoja tu. Mwezi huo bado unaendelea.

Mji ulipotulia kidogo nilirudi Gurei. Wewe nilikuambia nakwenda kutafuta sufuria. Nilikwenda kanisani. Watu hakuna. Paa limelala upande mmoja, na mbuzi wa mtu amejinyoosha pale anapohubiria mchungaji, ananitazama kama mimi ndiye niliyechelewa ibada. Stoo ilikuwa haina mlango wala vitu, isipokuwa viti vyetu vinne, kimoja juu ya kingine. Chako, kile ulichokipasua mguu kwa kubembea, ndicho kilichokuwa juu. Nadhani wezi walikitazama wakadharau vyote. Unaona sasa faida ya utundu wako.

Nikavibeba vinne kichwani mpaka Kator. Kwenye kizuizi askari mmoja akaniuliza kwa Kiarabu chetu cha Juba, harusi ni ya nani. Nikamwambia ni yangu, ila bibi harusi amechelewa. Wakacheka, wakanipitisha. Nami nilicheka mpaka nilipofika mahali ambapo hawanioni.

Basi ndipo ukaanza ule mwaka wetu wa kutembea. Jumapili ya kwanza kabisa ulisema tubebe viwili. Nikasema familia hii ina watu wanne. Ukasema, "Hapa tuko wawili, Baba." Nikasema shingo ni ya nani? Mazungumzo yakaishia hapo. Keji, Mungu alininyima shule akanipa shingo. Magunia ya dura, huo mtama wetu, yanayoteremka na mto kwenda kaskazini, nusu yake yamepita hapa. Sasa ubaya wa kuwa na shingo kama hii ni kwamba hujiulizi unabeba nini. Unauliza tu kama utaweza. Na mimi kila mara naweza.

Lile kanisa kuu la Wakatoliki hapa jirani tuliliruka. Kengele yake inatuamsha bure, lakini nyanya yako angefufuka anichape. Unakumbuka lile la Kiingereza tulilokwenda kwanza? Vipaza sauti vikubwa kama makabati, viti vimevaa vitambaa vyeupe kama vinasubiri komunyo. Mhudumu akatuambia kwa adabu kwamba ndani viti vipo, vyetu tuviache nje ya geti. Mimi nikamuuliza kama mbuzi wangu, ambao sina, wakae nje pia. Hatukuingia. Tukapanga viti vyetu chini ya dirisha, tukasikiliza mahubiri yote kutoka uani, na wewe ukanitafsiria. Nilisema "amina" kwa sauti mahali pasipo na amina, ukaziba uso na kitabu cha nyimbo. Nilijisikia nimeshinda. Sijui nilimshinda nani.

Lile la lugha yetu, Kibari, ndilo lililoniuma. Kule desturi ya wageni wanaishika sawasawa: unasimama, unataja jina, unataja ukoo, unasema unaleta salamu kutoka kanisa gani. Nikasimama. Kibari changu nimejifunzia Uganda, kwa mama aliyekuwa na kazi nyingi, kwa hiyo nusu yake ni Kiswahili kilichovaa kofia. Nikasema naleta salamu kutoka kanisa la Gurei, ambako mimi nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Nilikuona ukihesabu vidole vya miguu yako. Ndiyo, kamati haikuwepo. Nguzo zilikuwepo. Mzee mmoja mbele akageuka akaonyesha viti vyetu viwili vitupu akauliza, wenyewe wako wapi? Nikasema wanakuja nyuma. Watu wakapiga makofi kutukaribisha sote wanne.

Jumapili iliyofuata yule mzee akageuka tena. "Bado wako njiani?" akauliza. Hakuwa na ubaya, nafikiri. Lakini kanisa zima likacheka, na ni mimi ninayechekesha watu siku zote, sikuzoea kukaa upande ule mwingine wa kicheko. Hatukurudi.

Nikuambie kitu ambacho hata mama yako hakijui. Majigambo yangu nayo yalizaliwa kanisani. Nilikuwa mtoto, tumekimbilia Adjumani, kule Uganda, nyanya yako amenifikisha kwenye ibada ya watu tusiowajua. Wakaniambia mgeni mdogo asimame, alete salamu. Mimi nilikuwa nimezaliwa njiani. Kanisa la kutoka nilikuwa sina. Nikasema natoka Juba, mji wa ghorofa, na kanisa letu lina ngazi mpaka juu mawinguni. Watoto wote walinipenda siku ile. Keji, nilikuwa sijaiona Juba hata kwa picha! Nilipokuja kuiona nikiwa mkubwa, nilitafuta zile ghorofa mpaka aibu ikanikaa. Lakini nilijifunza vibaya: kwamba mtu akisimama mikono mitupu mbele ya wageni, lazima ajaze mdomo. Nimejaza mdomo tangu siku hiyo. Ilinisaidia na mama yako, sikatai.

Sasa kanisa la tatu, lile rakuba la njia ya bandari. Hilo tuliliingilia kwa sababu ya mvua. Mahubiri Kiarabu chetu, nyimbo Kiswahili cha watu waliotoka Uganda kama sisi, na mchungaji aliyekulia Kenya anayesema "Bwana asifiwe" kama anatangaza mpira. Wimbo wa kwanza ulipoanza uliimba bila kuangalia kitabu. Nilikuona. Lakini mimi nikapanga viti vyetu vinne kama kawaida, viwili vina watu, viwili vina mabega yangu ya kuvilinda.

Na pale paa linavuja pembeni, kwa hiyo watu wote wanabanana katikati, na anayekuja bila kiti anasimama. Haboba Kiden alikuwa akisimama. Bibi kizee yule, mkono mmoja kwenye nguzo, miguu imevimba kama mihogo. Kijana wa utepe, Lado, yule anayepanga watu, akaja akaniinamia, "Bro, kiti hiki kina mtu?" Nikasema kina mwenyewe. Jumapili ya pili akauliza tena, nikamjibu vilevile. Haboba alisikia. Akanitikisia kichwa, kama kunihurumia mimi.

Ya tatu hukungoja. Watu wamefumba macho wanaomba, ukanyanyuka, ukaburuta kiti cha mama yako juu ya udongo, nikausikia mlio wake. Nilifumbua jicho la pili, nawe unajua mimi husali na moja limeshafumbuka. Haboba alikuwa anakaa taratibu, akitoa pumzi kama gari linalozimwa.

Nilichofanya unakijua. Nikabeba vitatu, nikakushika mkono, tukatoka katikati ya maombi. Cha nne nilikiacha. Hata mimi siwezi kumwondolea bibi kizee kiti chini yake. Njiani nilikuambia umemfukuza mama yako. Ukanipokonya kiti chako, ukatembea mbele nacho kichwani, na ule mguu uliopasuka ulikuwa unatetemeka kila hatua. Nimebeba magunia mengi maishani, Keji. Hakuna lililonilemea kama kile kisogo chako.

Jumapili iliyofuata nilisema nina kazi bandarini. Hakukuwa na tishari hata moja la kupakia. Mto ulikuwa mtupu mpaka ng'ambo. Nilikaa ukingoni nikirusha mawe, na nikasema moyoni kwamba nimewakomesha. Mchana kutwa hakuna mtu aliyekuja kuniuliza kama nimekomesha vizuri. Ndipo nilipojua upweke ulivyo mjinga: unajifungia ndani halafu unangoja mtu abishe hodi, na anwani hukumpa mtu.

Lakini Haboba aliipata. Jioni moja katikati ya juma narudi nyumbani, namkuta mlangoni petu, amekaa kwenye kiti cha mama yako, wewe umempa chai. Alikuwa ameuliza njia nzima nyumba ya mtu wa viti iko wapi, na kila aliyeulizwa alijua. Fikiria. Mimi nilidhani Kator nzima inanijua kwa urembo.

"Nimerudisha kiti," akasema. "Mimi iko na miguu mbaya, lakini si mwizi."

Nikamwambia maleesh, samahani, haikuwa lazima ajisumbue.

"Lazima. Wewe ulitoka kanisani kama mtu nyumba yake inaungua." Akapuliza chai. "Viti yangu sita iko Lainya, kule mimi nilikimbia. Leo nani anakaa juu yake, sijui. Akae tu." Akanywa. Halafu akaniuliza bila hasira, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, "Na bibi yako kule Uganda, Jumapili anakaa kwa kiti ya nani?"

Ulikuwepo. Ulimwona baba yako, bingwa wa mdomo wa bandari nzima, ameshika chupa ya chai hajui ni ya kumimina au ya kuweka chini.

Nilimpigia mama yako siku ileile. Nikamuuliza hivyohivyo. Akasema, "Nakaa kwenye mkeka wa mama mmoja Mmadi. Alinisogezea siku ya kwanza, jina langu hajalijua bado. Tombe analala mapajani kwake." Nikamuuliza mbona hakuniambia mwaka mzima. "Hukuuliza," akasema. "Kila ukipiga unaniuliza kama nimeona huku mwanaume mwenye shingo kama yako." Nikamuuliza, umemwona? Akasema hajamwona, na sauti yake ikafanya vile inavyofanya, nami nikasema salio linakwisha. Salio lilikuwepo.

Mwaka mzima, Keji, nimelinda kiti cha mtu aliyekuwa amekaa. Na pale kwenye mkeka wa yule mama Mmadi, kuna mtu wake mwenyewe aliyekosekana, vinginevyo nafasi ingetoka wapi? Sikuwaza hilo hata siku moja. Nilikuwa nahesabu waliotutoka sisi tu.

Tulirudi rakubani, kweli. Haboba akakalia kiti cha mama yako kila Jumapili, na Lado akakoma kuniinamia. Lakini ibada ikiisha niliendelea kuvikusanya vyote vinne na kuvirudisha nyumbani. Nilisema ni wezi. Ukasema mwizi gani ataiba kiti chenye joto la Haboba. Nikakuambia unyamaze. Sasa nakuambia wezi hawakuwepo. Kuacha kiti stoo ni kusema sisi ni wenyeji wa hapa. Na nikiwa mwenyeji wa hapa, basi Gurei imekwisha, na mama yako harudi mwezi huu, na huo mwezi mmoja nilioahidi ulikuwa mdomo tu. Kila Jumapili shingo yangu ilikuwa inanidanganya kwamba bado tuko njiani. Yule mzee wa Kibari aliuliza swali zuri kuliko alivyojua.

Leo ulipotoka na shangazi yako kununua mikate ya safari, nilivibeba vyote vinne nikashuka njia ya bandari. Mliporudi mlipitiliza kwa jirani, kwa hiyo hujaingia ndani, hujaona. Lado alikuwa anafagia. Akaniambia leo si Jumapili, nikamwambia siku nazijua, nilizisoma mara mbili. Akafungua stoo. Mle ndani mna upande wa viti vya kukopesha wageni na upande wa wenyeji, hilo sikujua.

"Viende wapi?" akauliza.

Nilikuwa na majibu mazuri matatu ya kumchekesha. Yote yalikataa kutoka. Nikasema, "Kwa wenyeji," na sauti ilikuwa ndogo hata akaniomba nirudie.

Nikarudia. Akavipokea kimoja kimoja, akavipanga. Nilimwambia kimoja ni cha Haboba. Kile kilichopasuka mguu amwonye anayekikalia asiegemee nyuma, mwenyewe alikuwa mtundu na amesafiri. Akaniuliza, akitokea mtu hana pa kukaa, hivyo vingine avilinde? Nikasema asivilinde.

Hilo ndilo jibu lako. Jumapili nitakaa na Haboba kushoto, anayesinzia mahubiri yakianza na kuamka kwenye sadaka, mwanamke mwenye akili. Kulia, penye kiti chako, sijui. Atakaa mtu nisiyemjua. Najua nitamtazama vibaya mwanzoni, nitaona ameketi ndivyo sivyo, na mwanzo wa wimbo masikio yangu yatakutafuta. Sitakudanganya kwamba haitauma, nimeshakudanganya kuhusu sufuria na bandari, inatosha. Lakini sitamwambia kina mwenyewe. Nitasogeza mguu apite.

Na wewe huko utafika bila kiti. Wewe ndiye utakayesimama kwenye nguzo. Mtu atakusogezea, au mama yako atakuvuta kwenye ule mkeka. Kaa, Keji. Usiseme asante nimezoea kusimama. Kiburi hicho ulikirithi kwangu pamoja na masikio haya makubwa, na masikio hatuwezi kuyarudisha, lakini kiburi unaweza kukiacha hapa, nitakutunzia.

Halafu watakuambia mgeni asimame alete salamu. Nimewaza hilo tangu mchana. Mimi nilisimama Adjumani sina kanisa la kulitaja, nikatunga. Wewe sikutaka usimame hivyo. Mpaka leo asubuhi ungesema Gurei, na Gurei ni mbuzi na paa lililolala. Sasa sema Kator, rakuba la njia ya bandari, paa linavuja pembeni. Sema Haboba Kiden anawasalimu. Sema baba yako yuko huko, na ni mwenyeji. Ukitaka kuongeza kwamba zile nguzo alizibeba yeye, ongeza, mimi sitakuwepo kukuzuia, na kule nani atahakikisha?

Mama yako mwambie kiti chake kina mtu na ua lake bado jekundu. Mwambie aongeze upendo kwa yule mama wa mkeka. Lingine nitamwambia mwenyewe kwenye simu, safari hii salio halitakwisha.

Keshokutwa nitashuka kanisani mikono mitupu, mara ya kwanza tangu tuhame. Sijui mtu asiye na mzigo anaiweka wapi mikono yake. Lado anaitia mfukoni, nitamwiga.

Nasikia jirani anakuambia tayari, nenda ukajitazame kwenye kioo. Utaingia sasa hivi na shingo imekaza kwa nywele, utatafuta kiti kwa mazoea, na hutakiona. Usishtuke. Ndoo hii nimeipangusa, ni yako. Mimi nitasimama.

Baba yako,
yule wa viti